Mapokezano Yanataka Wanne

Siku ya mashindano mimi hutazama vidole vya miguu. Nani anaongoza hainihusu, wala mtoto wa nani anapigiwa vuvuzela jukwaani. Nasimama ukingoni mwa bwawa, hatua moja kutoka kwenye kibao cha kurukia, nimeinama, na macho yanafanya kazi mbili kwa pamoja: kuuona mkono wa anayekuja ukigusa ukuta, na kuviona vidole vya anayesubiri vikiachia kibao. Mkono kwanza, vidole baadaye. Vidole vikitangulia, naandika kwenye fomu namba ya njia na namba ya mwogeleaji, naipeleka kwa mwamuzi mkuu, na timu nzima inafutwa. Wanne wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kidole gumba cha mmoja.

Nyanya yangu kule Lokitaung aliwahi kuniuliza kama ni kweli serikali inanilipa kuangalia miguu ya watu. Nikamwambia hainilipi. Uamuzi ni wa kujitolea. Napewa fulana na chakula cha mchana. Riziki yangu ni uokoaji: siku za kawaida nakaa kando ya bwawa la hoteli Nairobi, filimbi shingoni, nikihakikisha watoto wa wageni hawazami. Alicheka sana. Akasema, "Kumbe tulikukataza maji ili ukawe mchungaji wa maji."

Wengi mkisikia Lokitaung mnakumbuka gereza. Hapo ndipo Mzee Jomo Kenyatta na wenzake wa Kapenguria walipofungwa baada ya kuhukumiwa mwaka 1953, na mkoloni hakupachagua pahali hapo kwa bahati mbaya. Ni mawe, jua, na laga ambazo hazina maji hadi mvua inyeshe milimani, halafu ghafla zina maji ya kuchukua ngamia. Lakini ukiteremka kwenda mashariki unafika Lowarengak, na mbele yako kuna Ziwa Turkana, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyoko jangwani, refu kwa zaidi ya kilomita 250. Maji yake yana magadi, yanateleza mkononi kama yenye sabuni, na karibu yote huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Mjomba wangu alikuwa mvuvi huko. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, mama asijue.

Kuogelea kwa ziwani si kuogelea kwa bwawani. Sisi tulielea na kichwa juu, macho wazi, kwa sababu mbili zenye akili: upepo wa ziwa lile hunyanyua mawimbi bila taarifa, na mamba hapigi hodi. Nilipofika Nairobi na kuingia bwawani mara ya kwanza, kocha aliyeniona alishika kiuno akaangua kicheko. Ukiinua kichwa, miguu inazama. Miguu ikizama, unaburuta maji. Aliniambia uso uangalie chini, nitazame mstari mweusi uliochorwa sakafuni. Ilinichukua muda mrefu kuamini kwamba chini kule hakuna kitu kinachoniangalia pia.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, maana Wakenya tunajua kupokezana vijiti kuliko tunavyojua kupokezana maji. Katika mapokezano ya 4x100 mtindo huru, timu ina waogeleaji wanne, na kila mmoja anaogelea mita 100, yaani anakwenda na kurudi katika bwawa la mita 50. Kuna pia ya 4x200. Kisheria mtindo huru ni huru kweli: ukitaka kuogelea chali hakuna atakayekukataza. Ila kwa kuwa hakuna njia ya haraka kuliko ile ya kuzungusha mikono kwa zamu na kupiga miguu, wote huogelea hiyo. Kilichokatazwa ni kujificha chini ya maji: baada ya kuruka au kugeuka, kichwa lazima kitokeze kabla ya kupita mita 15.

Hakuna kijiti. Kinachopokezwa ni ruhusa ya kuondoka.

Hapo ndipo utamu ulipo. Katika mbio za mtu mmoja, mwogeleaji anasubiri mlio, na tangu mlio usikike hadi miguu iachie kibao hupita kama sekunde 0.7. Kwenye mapokezano, wa pili, wa tatu na wa nne hawasubiri mlio. Wanamwona mwenzao akija, wanahesabu mipigo yake ya mikono, na mkono wake unapoingia majini mara ya mwisho wao tayari wanaanza kuzungusha mikono yao na kuegemea mbele, mwili mzima ukiwa angani ilhali vidole bado vimegusa kibao. Ukifanya vizuri, vidole vinaachia kati ya sekunde 0.1 na 0.3 baada ya mkono kugusa. Unajipatia karibu nusu sekunde ya bure, na zamu kama hizo ni tatu. Kwenye mashindano makubwa kuna mashine ya kupima, nayo husamehe mpaka sekunde 0.03 ukitangulia. Mimi sina mashine, nina macho.

Nimemwangalia binti mmoja wa miaka kama kumi na mitano, wa nne katika timu yake, akisubiri zamu. Mguu mmoja mbele, vidole vimekunjwa juu ya ukingo wa kibao hadi kucha zimekuwa nyeupe. Midomo inachezacheza. Nilidhani anasali, kumbe anahesabu: tano, nne, tatu. Mwenzake aliyekuwa akija alikuwa amechoka, na kwa kuchoka akaongeza mpigo mmoja mfupi ambao haukuwa kwenye hesabu. Binti tayari mikono imekwisha kwenda. Aliganda pale hewani, magoti yakitetemeka, akashikilia kibao kwa ncha za vidole mpaka ukuta ukaguswa. Hakuanguka. Akaruka akiwa amepoteza kasi yote, lakini kihalali. Walikuwa wa tatu. Kocha wake alimfokea kwa kuchelewa. Mimi ndiye pekee niliyejua kwamba alikuwa ameiokoa timu isifutwe, na mwamuzi haruhusiwi kupongeza.

Makosa mengine yanachekesha na kuuma kwa pamoja. Sheria inasema mwanatimu yeyote akiingia majini kabla ya timu zote kumaliza, timu yake imefutwa. Basi watoto wanashinda, wanashangilia, mmoja anajitupa bwawani kumkumbatia mwenzake, huku timu ya mwisho kule njia ya nane bado inajikokota. Dhahabu imeondoka. Vivyo hivyo mkiogelea kwa mpangilio tofauti na ule mlioandikisha.

Mpangilio wenyewe ni siasa. Kawaida wa mwisho huwa ni yule ambaye akimwona mtu mbele yake anapata nguvu, hata kama si mwenye muda bora. Wa kwanza ana faida yake: ndiye peke yake ambaye muda wake unatambuliwa kama rekodi ya mtu binafsi, kwa sababu alianza kwa mlio kama kila mtu. Hilo lilionekana wazi kwenye 4x100 mtindo huru ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Eamon Sullivan wa Australia alianza kwa sekunde 47.24, ikawa rekodi ya dunia ya mita 100, ingawa timu yake iliambulia shaba. Mwisho wa mbio hizohizo, Mmarekani Jason Lezak, mwenye miaka 32, aliruka akiwa nyuma ya Mfaransa Alain Bernard kwa zaidi ya nusu sekunde. Alijisogeza karibu na kamba, akanufaika na mawimbi ya Bernard, akamfikia mita za mwisho, Marekani ikashinda kwa sekunde 0.08 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 8.24. Mita 100 za Lezak zilikuwa sekunde 46.06. Hakuna aliyekuwa amewahi kuogelea hivyo, na haziko popote kwenye orodha ya rekodi za mtu binafsi, kwa sababu aliondoka kwa kupokea. Siku chache baadaye Bernard alishinda dhahabu ya mita 100 peke yake, Lezak akiwa wa tatu. Watu bado wanamkumbuka Lezak.

Hayo ndiyo maisha ya mwogeleaji wa mapokezano. Wapo waliojenga jina lote kwa zamu moja. Wapo pia waliopata dhahabu ya Olimpiki bila kuogelea fainali: nchi kubwa huwatumia wengine kwenye mchujo ili nyota wapumzike, na timu ikishinda fainali nao hupewa medali. Marekani ilifanya hivyo Beijing.

Kufika huko ni kazi ya mwanzo wa utoto. Mtoto wa Nairobi anayetaka kufika mbali huanza klabuni akiwa na miaka saba au minane. Akifika kumi na minne anaingia majini alfajiri kabla ya shule, maji ya Nairobi ya mwezi wa saba yakiwa baridi ya kukata pumzi, na jioni anarudi tena. Kilomita nne, tano kwa kikao si ajabu. Nywele zinageuka rangi kwa klorini. Bega ndilo linalokufa kwanza, kwa sababu mkono huzunguka maelfu ya mara kwa siku. Na nyuma ya mtoto huyo kuna mzazi mwenye gari, mwenye ada ya klabu, mwenye muda. Hilo la mzazi sitalipamba: ukisoma orodha ya washiriki wa mashindano mengi ya Nairobi, utaona shule za kulipia na vilabu vya wenye uwezo. Bwawa la Kasarani, la mita 50, lilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, lakini bwawa moja la taifa halifundishi taifa.

Kisha mtoto anafika miaka kumi na minane, na hapo timu inavunjika. Wanne waliozoeana hata kwa kupumua wanamaliza shule. Mmoja anakwenda Marekani, mwingine Afrika Kusini, wa tatu anaacha mchezo asomee udaktari, wa nne anabaki akiogelea peke yake. Nimeliona hilo likijirudia hadi nimeacha kushangaa.

Anayepata chuo Marekani amepata mahali penye heshima kwa mapokezano. Katika mashindano ya kitaifa ya vyuo vya huko, pointi za mapokezano ni maradufu ya zile za mtu mmoja: mshindi wa mbio za peke yake anakiletea chuo pointi 20, timu ya mapokezano inaleta 40. Ndiyo maana kocha wa chuo akimwona mwenye kasi ya mita 50 na 100, haoni mwili mmoja. Anaona robo ya timu kadhaa.

Ndugu wawili Wakenya walipitia njia hiyo. Jason Dunford, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1986, alisoma Stanford. Mdogo wake David, mtu wa mtindo huru, alisoma Chuo Kikuu cha Arizona. Beijing 2008, Jason aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, sekunde 51.14. Ilivunjwa muda mfupi baadaye, lakini iliwekwa, tena na Mkenya. Akafika fainali, akawa wa tano katika mbio zile ambazo Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić kwa sekunde 0.01. Mwaka 2010 kule Delhi alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. London 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya, mbele ya wakimbiaji wote wale. Baadaye akaanza kuimba, akijiita Samaki Mkuu, jina ambalo sidhani kuna Mkenya atakayemnyang'anya karibuni.

Lakini tazama hesabu. London tulipeleka waogeleaji wawili, ndugu hao. Rio 2016 wawili: Hamdan Bayusuf na Talisa Lanoe. Tokyo wawili: Danilo Rosafio na Emily Muteti. Paris 2024 wawili: Ridhwan Mohamed na Maria Brunlehner. Jirani zetu ni hivyo hivyo. Paris Uganda ilikuwa na Gloria Muzito na Jesse Ssengonzi. Tanzania ilikuwa na Collins Saliboko na Sophia Latiff. Nchi isiyo na waliofikia viwango hupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na sisi wa Afrika Mashariki tumeizoea nafasi hiyo kama mgeni anayekaa karibu na mlango. Siwabezi waogeleaji hao hata kidogo. Nasema tu kwamba mbio za mtu mmoja zinaweza kuzalishwa na familia moja yenye bidii. Mapokezano hayawezi. Mapokezano yanataka wanne wa kasi inayokaribiana, na nyuma yao wanane wanaowasumbua, na nyuma ya hao mamia wanaojua kuogelea tu. Olimpiki huchukua timu 16 kwa kila mbio za mapokezano, na kuingia humo unapimwa kama nchi.

Afrika imewahi kushinda. Athens 2004, Roland Schoeman, Lyndon Ferns, Darian Townsend na Ryk Neethling wa Afrika Kusini walitwaa dhahabu ya 4x100 mtindo huru kwa rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 13.17. Waholanzi walikuwa wa pili, Wamarekani wa tatu. Mazoezi ya wengi wao yalikuwa yamejengeka Arizona, chuo kilekile alichokwenda David baadaye. Kwa hiyo hata dhahabu ya Afrika ilipikwa ng'ambo, ila viungo vilikuwa vinne na vilitoka nchi moja yenye mabwawa.

Turkana yenyewe imekaribia kuogelea Olimpiki kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Rio 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, hukohuko Turkana, wakafundishwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Wawili walikuwa waogeleaji kutoka Syria: Rami Anis na Yusra Mardini, yule aliyeingia baharini na dada yake mwaka 2015 kuisaidia boti yao ya mpira isizame walipokuwa wakivuka kwenda Ugiriki. Aliyebeba bendera ya timu hiyo uwanjani alikuwa Rose Nathike Lokonyen wa Kakuma. Niliwatazama nikiwa Lodwar, kwenye televisheni ya duka la chai, na mzee mmoja aliyekaa karibu nami akauliza kwa nini wa Kakuma wote wanakimbia na hakuna hata mmoja anayeogelea. Mtu akamjibu, "Wataogelea wapi, mzee, kwenye vumbi?" Watu wakacheka. Swali lilikuwa zuri kuliko jibu.

Sasa, mwanasiasa akisoma hapa atataka kuahidi bwawa Lokitaung. Tafadhali asiahidi. Bwawa la mita 50 kwa 25, kina cha mita mbili, linameza lita milioni mbili na nusu. Hizo ni mitungi 125,000 ya lita ishirini, mahali ambapo mama anachimba kisima mchangani mwa laga na kukaa kivulini akisubiri mtungi mmoja ujae. Hakuna mtu mwenye akili atakayeyatia maji hayo klorini ili watoto wacheze.

Lakini ziwa lipo tayari, na watu wanalitumia bila kulijua. Vijana wanapanda boti Lowarengak na Kalokol kufuata mbuta na ngege, na wengi wao boti ikipinduka hawawezi kuelea dakika tano. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Cullen Jones, aliyekuwa wa tatu kuruka katika timu ile ya Lezak, alinusurika kuzama akiwa na miaka mitano kwenye bustani ya michezo ya maji huko Pennsylvania; mama yake akampeleka kujifunza kuogelea kwa sababu ya hofu. Mama zetu kwa hofu hiyohiyo hutukataza maji. Siwalaumu, mamba yupo. Ila hofu ya mama Jones ilizaa dhahabu, yetu inazaa wavuvi wasiojua kuogelea.

Ninachoomba ni kidogo. Serikali ya kaunti ichague sehemu ya ufuo yenye kina kifupi, hapo Kalokol na Lowarengak, iizungushie wavu na maboya, iajiri vijana wawili waliofunzwa uokoaji kila mahali, na shule za karibu zipelekwe kwa zamu asubuhi kabla ya upepo. Maboya, wavu, filimbi na mishahara minne si mradi wa mabilioni. Mapokezano ya kwanza hapo yatakuwa ya watoto wenye vichwa juu wakitafuta mamba, na muda wao utakuwa mbaya. Kuwafundisha kutazama chini ni kazi ya mwaka mmoja. Wakianza mwezi huu, nitachukua likizo yangu ya hoteli nije kusimama ufuoni bila malipo, na fomu nitakuja nazo mwenyewe.